Karatasi ya Mkono Wako

Karakana ya Baba,
Nyuma ya duka la vioo,
Sanduku la Posta lile lile la zamani.

Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu Nyuzi,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipokaa kusoma, iwe kitandani au kwenye kile kiti chako kimoja unachokisifia. U hali gani? Unalala vizuri? Kile kikohozi cha miezi ya baridi kimekwisha, au bado unakitibu kwa kukipuuza? Unakula umekaa, au unakula umesimama huku unatafuta viatu? Hayo ni maswali ya Mama. Ameniamuru niyaandike yote kabla ya neno langu lolote, na alikuwa amesimama nyuma yangu kuhakikisha. Sasa ametoka. Mimi nina swali moja tu: hujambo kweli, au hujambo ile ya kwenye simu?

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, magoti yanamsumbua kwenye ngazi ya nje lakini mdomo hauna tatizo lolote. Baba ni mzima wa mwili. Macho ndiyo yamefika mwisho. La kushoto linatofautisha mwanga na giza, la kulia halioni kitu, na daktari amesema tusihangaike tena. Hatukukwambia kwa sababu Baba alikataza. Ukiisoma barua hii mpaka mwisho utakubaliana nami kwamba kuficha ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikilikaribia jambo lenyewe, mtandao wako huharibika ghafla. Barua haina mtandao. Ukiitupa utakuwa umeitupa mwenyewe, na kwa ninavyokujua utarudi kuiokota.

Kwanza habari za karakana. Duka la vioo limepata mwenye duka mpya, mtu mpole ila anapiga miluzi kutwa, wimbo mmoja, na anaukosea pale pale kila mara. Baba anateseka. Mwalimu wa kwaya amechukua gitaa lake, naye anasema shingo imemkaa mkononi mpaka anasahau kuliweka chini akienda kufungua mlango. Hilo ni la saba nililolimaliza peke yangu. Baba hukaa kwenye kigoda akisikiliza. Kwa sauti ya randa tu anajua kama nafuata nyuzi za mbao au naenda kinyume nazo, na nikikosea anakohoa. Siku za mwanzo nilidhani ana mafua, nikamchemshia maji ya tangawizi.

Kigoda chako kipo pale pale kando ya dirisha. Hakuna aliyekikalia. Si kwamba tumekataza, ila mguu mmoja bado ni mfupi na wewe peke yako ulijua namna ya kukikalia bila kuanguka.

Nimekukumbuka, kaka. Nalisema wazi kwa sababu kwenye simu tunaongea habari za hali ya hewa. Unajua ni saa ngapi nakukumbuka zaidi? Gitaa likikamilika. Zamani nyuzi zikishafungwa tu ulikuwa unalinyakua, hujanawa hata gundi, na sote tulikuwa tunaacha kazi tukusikilize likifunguka sauti. Sasa nikimaliza kufunga nyuzi hakuna wa kulipiga. Mimi najua kutengeneza. Kupiga najua vibao viwili, na cha pili nakisahau katikati. Baba husikiliza, kisha husema, "Sawa," halafu anauliza kama chai ipo. Miaka tisa sasa magitaa yanatoka humu ndani bila kupigwa na mtu wa nyumbani.

Sasa nikueleze jambo lenyewe tangu mwanzo, ulijue kwa mpango ule ule nilioujua mimi.

Mwezi wa kwanza Baba aliniambia nishushe ubao wa mahogani uliokuwa juu ya dari. Aliupandisha mwenyewe wiki uliyoondoka, ili ukauke polepole, na tangu hapo watu wameutamani mpaka wamechoka. Mwalimu wa kwaya aliuomba mara mbili akajibiwa kwamba una mwenyewe. Siku hiyo Baba aliugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema umeiva. Halafu akasema maneno ambayo sikuyapenda. "Macho yamekwenda. Mikono nayo isije ikaenda kabla sijashika gitaa la mwanangu."

Desturi ya karakana hii huwezi kuisahau, lakini naiandika kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha hapa. Baba hachongi shingo ya mtu ambaye hajampa mkono. Mteja akiingia wanasalimiana, na Baba hauachii mkono upesi. Anaugeuza, anaupima gumba, kisha anaulaza juu ya karatasi ya kaki na kuuzungushia penseli. Karatasi inatundikwa msumarini, na ndiyo maana ukuta wetu mzima ni mikono ya watu. Shingo zake haziko sawa pande zote mbili kama za dukani. Upande wa gumba huacha nyama kidogo, upande wa vidole hukata zaidi, kila mtu kwa karatasi yake. Na mwisho mwenyewe lazima aje akae, aishike shingo amefumba macho, apande na kushuka nayo, aseme panapomgonga. Bila hivyo vanishi haifunguliwi.

Karatasi yako ya utotoni iliozea ukutani mwaka lile paa lilipovuja. Hata ingekuwepo, ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo nikakupigia nikuombe nyingine, ya mkono wa kushoto, wa kubania nyuzi.

Nilikusumbua. Mwezi wa pili ukasema hujapata nafasi. Wa tatu ukasema huna karatasi kubwa. Wa nne nikakwambia mtu ana mikono miwili na penseli moja, kinachomshinda ni nini. Ukacheka. Nimekuwa nikikisikia kicheko kile wiki mbili hizi, kaka, na nakuomba radhi kwa kila mara niliyokuuliza.

Karatasi ilifika mwanzoni mwa mwezi wa tano. Mama aliinusa kwanza, akasema ina harufu ya chumba kisichofunguliwa madirisha. Baba aliipapasa, lakini mstari wa penseli haushikiki kwa vidole, akanirudishia. Mimi niliitundika kwenye ule msumari wako uliokaa mtupu, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Nilifurahi kama mjinga. Ulikuwa umeandika kwenye kona, "Huu hapa, Msasa, usinikwaruze tena."

Nikaanza kazi. Nilikata gogo la shingo kwa msumeno, nikapiga mstari wa penseli katikati, kutoka kichwani mpaka kisiginoni, nikalibana kwenye taya za jiriwa. Halafu nikachukua kile kisu cha mishikio miwili ambacho Mama hawezi kukitazama, maana unakivuta kuelekea kifuani mwako mwenyewe. Mahogani ile ni tulivu. Ilitoka maranda marefu mekundu, yakanijaa miguuni. Kila baada ya muda niliacha, nikaisogelea karatasi yako, nikapima gumba kwa kamba, nikarudi. Baada ya kisu nikaingia na tupa, baada ya tupa msasa.

Kazi ya kuchonga shingo ni ya kushika zaidi kuliko kuona. Unakata kidogo, unashika. Unakata, unashika. Na kila nilipoishika nilijaribu kuishika kwa mkono wako, si kwa huu wangu mfupi. Siku kumi nilifanya hivyo. Nilikuwa kama ninakusalimia kutwa nzima, na jioni nikifunga mlango wa karakana naona kama nimeagana na mtu. Sijawahi kufurahia kazi kiasi kile, na sijawahi kutamani mtu arudi kiasi kile.

Siku ya kumi na moja Baba akaomba aishike. Alipitisha gumba lake kutoka kichwani mpaka kisiginoni, mara mbili, kisha vidole.

"Hii ya nani?"

"Ya Nyuzi, Baba."

"Hii si ya Nyuzi."

Akanionyesha chini, upande wa uzi mwembamba. Nimechonga pale, alisema, kwa ajili ya mtu ambaye kidole chake cha mwisho kimenyooka, na mwanawe kidole hicho kimepinda. Nikamwambia karatasi ndiyo inayosema hivyo, labda kimenyooka kwa miaka. Akasema mbao iliyopinda ikiwa mbichi haijinyooshi ikishakauka. Halafu akaongeza, bila hata kupandisha sauti, "Na lile jiriwa lilikibana sawasawa."

Kaka, nililitazama lile jiriwa. Unakumbuka tulivyomwambia Mama kwamba ni mlango? Wewe ndiye uliyesema. Una miaka tisa, kidole kimevimba, machozi yanakutoka, unasema ni mlango, na mimi niliyezungusha mkono wa jiriwa nimejificha chini ya benchi. Hukunitaja siku ile wala siku nyingine. Kumbe Baba alijua miaka yote. Anasema mlango huponda, haupindi.

Nilibisha, unanijua. Nilimwambia Baba kwamba mikono yake nayo imeanza kuzeeka, neno ambalo nimelijutia. Yeye akanirudishia shingo, akaomba chai. Mimi nikaichomoa karatasi msumarini, nikaenda nayo kwenye meza ya jikoni kwa hasira, nimwonyeshe kwamba karatasi haidanganyi.

Niliitazama kama ninavyotazama kazi ya fundi mwingine. Mstari wako unatetemeka. Wewe ambaye ulikuwa unachora duara bila kutumia kikombe. Na ncha za vidole zimefichana, penseli imepita mbali nazo, kama vidole havikugusa karatasi vizuri. Nikaulaza mkono wangu wa kushoto mezani, nikauzungushia penseli. Ncha zikatoka safi. Nikaulaza wa kulia chali, kiganja juu, nikauzungushia kwa mkono wa kushoto. Vidole vikajikunja vyenyewe, ncha zikafichana, mstari ukatetemeka. Nilipoiweka karatasi yangu kando ya yako, zilikuwa ndugu.

Nikajua. Umenitumia mkono wa kulia, umeulaza chali ili uonekane wa kushoto. Mtu hafanyi hivyo kwa mchezo. Hapo kila kitu kikaja kukaa nami mezani: kamera ya simu yako iliyoharibika miaka mitatu na haipati fundi, na ile bendi unayosema unapiga nayo kila Jumamosi lakini hujawahi kuitaja kwa jina.

Nilikupigia pale pale. Aliyepokea ni yule mwenzako wa chumbani unayemwita Mrefu. Ulikuwa umetoka ukaacha simu kwenye chaji. Nilimuuliza moja kwa moja, mkono wa kushoto wa kaka yangu una nini. Akasema, "Dada, mimi nilidhani mnajua."

Usimkasirikie. Alijaribu kurudi nyuma, sikumpa nafasi. Akaniambia ni mashine ya kukatia maboksi, kule kiwandani, miaka mitatu iliyopita. Ilikata kidole cha kati na cha pete, vyote viwili, mpaka fundo la chini. Akaniambia kidole chako cha mwisho kipo, tena kimepinda vile vile. Nilimshukuru kwa hilo. Sijui kwa nini lilinifariji, lakini lilinifariji.

Nisikufiche nilichohisi. Kwanza nilikutukana, hapo jikoni, kwa sauti, mpaka mwenye duka la vioo akaacha miluzi. Kisha nikaenda karakana nikakaa kwenye maranda ya ile shingo, nikalia kama mtoto. Nililia kwa sababu ya vidole, na nililia zaidi kwa sababu ya wewe kukaa chumbani peke yako na penseli, umeibana kwenye ule mkono usioshika vizuri, unauzungusha ule mzima ili tu mimi ninyamaze. Ulishinda na maumivu yale miaka mitatu na kila mwezi ulituuliza sisi kama tuko salama.

Nikawaambia. Nisingeweza kutowaambia, tumefichana vya kutosha. Mama alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akauliza jambo moja tu: nani alikuwa akimfulia nguo siku zile mkono umefungwa?  Jibu kama lipo, mwambie mwenyewe, maana ameliuliza tena jana.

Baba aliuliza ni vidole gani. Nilipomtajia, akaukunjua mkono wake wa kushoto, akavikunja vile viwili, akawa anavichezesha vilivyobaki kwenye hewa, gumba, shahada, cha mwisho. Aliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. 

Kesho yake asubuhi alinikuta karakana. Akakaa kwenye kigoda chake, akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Yeye anavyo vitatu." Akacheka peke yake, ule mcheko wake wa puani ambao hatujausikia tangu macho yaanze kufifia. Kisha akasema, "Gumba na shahada ndio wapigaji. Wale wengine huwa wasindikizaji tu. Mgeuzie gitaa."

Nikamwelewa. Mkono wa kulia utabana nyuzi, wa kushoto utazipiga. Na mkono wako wa kulia, kaka, tunao. Ulitutumia mwenyewe. Karatasi uliyotudanganyia ina kila kipimo kinachotakiwa, gumba, upana wa kiganja, urefu wa vidole, vyote vya kweli. Nilichofanya ni kuigeuza. Niliibandika kwenye kioo cha dirisha, upande wa nyuma ukinitazama, na mkono wako ukasimama kwenye mwanga ukiwa wa kulia, kama ulivyo.

Ubao ulitosha kwa shingo ya pili, nusura usitoshe. Nimeichonga upya, nyama imehamia upande mwingine, na kisigino chake nimekipunguza kidogo kwa sababu Baba anasema mkono wa kulia hupanda juu kwa ujeuri zaidi. Tumbo la gitaa nilikuwa sijalifunga, kwa hiyo na vijiti vya ndani nimevipanga kinyume, ili sauti nene na nyembamba zikae mahali pake. Baba alipoishika shingo hii mpya hakuuliza ya nani. Aliishika tu, kwa mkono wake wa kulia, akakaa nayo mapajani asubuhi nzima.

Ile ya kwanza tulishindwa kuichoma. Mama ameichukua, anaegemezea dirisha la jikoni lisijifunge. Anasema ndiyo shingo pekee katika nyumba hii inayofanya kazi bila kubishana naye.

Nakumbuka mwaka juzi nilikuuliza kwa nini huji hata kwa wiki moja, ukanijibu mkono mtupu haulambwi. Nilidhani unazungumzia zawadi, nikakukasirikia, nikasema nani amekuomba zawadi. Sasa nimeelewa ni mkono upi uliokuwa ukiuonea haya. Basi sikiliza neno la mdogo wako. Uliondoka hapa ukisema utarudi ukiwa mpigaji, na ukaona kwamba asiyepiga hana njia ya kurudia. Hakuna aliyekuwa akingoja mpigaji. Mama anakungoja wewe, pamoja na kikohozi chako. Baba anamngoja mtu aliyekuwa akimsomea vipimo kwa sauti na kuvikosea makusudi ili acheke. Mimi namngoja aliyesema ni mlango.

Sitakudanganya kwamba itakuwa rahisi. Utapiga vibaya mwaka mzima. Mkono wa kulia haujui kubana, wa kushoto haujui kupiga, na huyo jirani wa miluzi atapata mwenzake. Lakini Baba naye anajifunza upya kupiga randa kwa masikio, na juzi alinichongea kijiti kilichonyooka kuliko vyangu. Mtakaa wawili, mmoja hana macho, mwingine ana vidole pungufu, mtakosea pamoja, na mimi nitakohoa.

Kama unaogopa namna Baba atakavyoutazama mkono huo, nimeshakwambia, hatautazama. Atakachofanya ni kuushika. Na akishaushika, unajua mwenyewe, hauachii upesi.

Jumapili ijayo saa kumi jioni Mama atakupigia, kwa picha. Najua kamera yako ni nzima. Pokea, umwonyeshe uso tu ukitaka, hayo mengine yatakuja yenyewe.

Mama anakusalimu sana na anasema ufungue madirisha. Baba anakusalimu, anasema ukate kucha za mkono wa kulia na uziache za kushoto zikue, utaelewa, kama bado una akili ya gitaa. Mwalimu wa kwaya anakusalimu na amekuwekea nafasi nyuma, pale wanapokaa wanaojifunza. Nisalimie sana Mrefu, mwambie ni ndugu yetu kuanzia sasa, na kwamba siku nyingine asingoje kuulizwa.

Mungu akulinde asubuhi na jioni, akuepushe na mashine na upweke, akufikishe nyumbani ukiwa na hicho ulichobakiziwa, maana kwetu kinatosha.

Shingo iko kwenye kigoda chako, kando ya dirisha. Haijapakwa kitu. Mbao tupu hunywa jasho la kila anayeishika, kwa hiyo nimewakataza wote wasiiguse tena, hata Baba, na kopo la vanishi sijalifungua. Usinitumie karatasi nyingine, kaka. Safari hii lete mkono.

Wako akupendaye, niliyezungusha jiriwa,

Msasa.